Uzi Uliolowa Mate

Binadamu huogopa kitu kwa kukipima ukubwa. Akikutana na fahali mwenye pembe atampisha njia. Inzi atamfukuza kwa mkono huku akiendelea kula. Lakini waliolazwa kitandani na inzi ni wengi kuliko waliopigwa pembe. Kisa hiki kinamhusu mtu aliyekidharau kitu kwa sababu hakukiona, akawafundisha na wenzake kukidharau, na siku alipokitambua kilikuwa tayari kimeingia nyumbani kwake.

Mtu huyo alikuwa fundi cherehani. Jina alilopewa na wazazi wake watu walikwisha kulisahau. Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa alifungua duka na mdomo kwa pamoja asubuhi, na vyote viwili alivifunga jioni. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Lilikuwa na cherehani mbili za kukanyaga kwa miguu, meza ndefu ya kukatia nguo, pasi ya umeme iliyosimamishwa juu ya tofali, na vipande vya vitambaa vilivyotapakaa chini hata sakafu ikawa haionekani. Katika vyumba vya nyuma aliishi na mke wake na shangazi yake.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye Redio akiwa bado ananyonya, na ndiye aliyemfundisha kushona. Sasa alikuwa amekula chumvi nyingi. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, macho yamefifia, na kifua kilikuwa na pumu ya miaka mingi. Mikono tu ndiyo iliyokataa kustaafu. Kila siku aliketi kwenye kiti kando ya mlango, akitia vifungo kwenye mashati na kushona pindo kwa mkono.

Katika duka lile kulikuwa na desturi moja ya kazi. Shangazi alikuwa akisema, "Fundi anayetafuta mkasi kwa kila uzi atashona shati moja kwa mwezi." Kwa hiyo mkasi wao ulikuwa meno. Uzi ulikatwa kwa meno, ncha yake ikaloweshwa kwa mate, ikasokotwa na kupenyezwa katika tundu la sindano. Shangazi alipong'oka meno ya mbele na kushindwa kuliona tundu, kazi hiyo ilimwangukia Redio. "Mwanangu, nitungie," angesema, na Redio angelowesha uzi, angeutunga, angempa. Shangazi angeibana sindano kwa midomo wakati mikono yake miwili inakiweka sawa kifungo. Jambo hilo lilitokea mara thelathini au arobaini kwa siku, wala hakuna aliyeona ajabu.

Ugonjwa mpya ulipoanza kutangazwa, kibaraza cha duka kiligawanyika pande mbili kama uwanja wa mpira. Wapo waliosema dunia imefika mwisho. Wapo waliosema ni mafua tu. Redio alikuwa nahodha wa hao wa pili.

"Mafua nimeugua tangu sijajua kuvaa suruali," alisema huku akikanyaga cherehani. "Leo yamepandishwa cheo, nami niyapigie saluti?"

"Watu wanakufa huko, shemeji," alijibu fundi viatu. Huyu alikuwa kaka wa mke wa Redio, na kibanda chake kilikuwa hatua tano kutoka dukani.

"Huko wapi? Wewe umeona jeneza?"

"Nimesikia."

"Umesikia! Hata mimi nimesikia kwamba soli huzishoni, unazipaka gundi tu. Niamini?"

"Hilo liamini," alidakia mteja mmoja aliyekuwa ameshika kiatu kilichoachama kama mdomo wa mamba.

Kibaraza kizima kikavunjika mbavu. Fundi viatu mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Shangazi naye alicheka, kisha akakohoa, kisha akasema, "Ulimi wa mtoto huyu ungekuwa cherehani, tungewavisha watu wa mji mzima."

Wiki ile ile bibi afya wa zahanati alikuja dukani. Alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kila neno. Alileta jora la kitambaa na agizo la barakoa mia mbili za wagonjwa watakaofika zahanati. Baada ya kueleza vipimo hakuondoka. Alisimama akimtazama Redio anavyofanya kazi. Aliona nyuzi tatu zikiingia mdomoni na kutoka.

"Fundi, nina ombi moja," alisema. "Uzi usiutie mdomoni. Kata kwa mkasi. Na ukitunga sindano, lowesha kwa maji."

Redio akaangua kicheko. "Binti, wewe umesomea sindano za makalioni. Sindano za kushonea niachie mwenyewe."

"Sikufundishi kushona. Nakwambia mate yanabeba ugonjwa. Na bibi hapa ana pumu."

"Bibi huyu amenitafunia chakula nilipokuwa sina meno. Mate yake nimeyala hadi nikaota ndevu, na sijafa."

"Msikilize mwenzio," shangazi alisema polepole, uso ameuinamisha kwenye kifungo. "Kusikiliza hakumpunguzi mtu kimo."

Redio akachukua mkasi kwa madaha, akauinua juu ili wote wauone, akakata uzi mmoja. Bibi afya alishukuru, akaenda zake. Alipokata kona tu, mkasi ulirudi mezani na meno yakarudi kazini.

Siku chache baadaye mkutano wa mtaa uliitishwa katika ukumbi wa shule. Hoja ilikuwa moja: gulio la Jumamosi lisimamishwe kwa mwezi mmoja, au liendelee? Bibi afya alipewa nafasi ya kwanza. Alisimama na karatasi zake, akaeleza kuhusu homa na kikohozi. Akasema wengine pua zao hufa kabisa, wasisikie harufu ya kitu chochote, na kwamba anayeambukiza huenda akajiona mzima, lakini mzee atakayeambukizwa naye huenda asiamke. Aliwaomba wafunge gulio kwa mwezi mmoja tu.

Redio akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, nina swali dogo."

Watu walianza kucheka kabla hajauliza.

"Huyo kirusi, dada yangu, wewe umemwona?"

"Haonekani kwa macho."

"Haonekani. Sawa. Sasa sitanii, nauliza kikazi. Nimeagizwa barakoa mia mbili za kumzuia. Nami fundi mzuri hakati nguo bila vipimo. Kiuno chake ni inchi ngapi?"

Ukumbi ulilipuka. Wengine walipiga madawati. Fundi viatu aliinama akashika tumbo. Bibi afya alifungua kinywa ajibu, sauti yake ikazama katika kicheko kama jiwe kwenye kisima. Karatasi zilimponyoka, akainama kuziokota, na kule kuinama kukawachekesha zaidi. Mwenyekiti alipoomba mikono ihesabiwe, hakukuwa na haja ya kuhesabu. Gulio liliendelea.

Redio alitoka ukumbini akipigwapigwa mabegani kama mfungaji wa bao. Mlangoni alimkuta bibi afya akipanga karatasi zake kwa namba. Kidogo moyo ulimsuta.

"Nilikuwa natania tu, binti."

"Najua," alijibu bila kuinua macho. "Ila wao hawajui."

Siku ya tisa baada ya mkutano koo la Redio lilianza kuwasha. Akakohoa. Mke wake akamuuliza kulikoni, akajibu kwamba ni vumbi la vitambaa. Siku ya kumi akakohoa tena, akalisingizia vumbi tena. Usiku mwili ulimuuma, na asubuhi akasema amelala vibaya.

Siku ya kumi na moja alikuwa akipiga pasi barakoa za mwisho. Aliiweka pasi juu ya kitambaa, akageuka kuwamalizia watu wa kibarazani hadithi aliyokuwa ameianza. Ghafla mke wake akaingia mbio kutoka uani.

"Unaunguza! Harufu imenifikia mpaka uani, na wewe umesimama juu yake!"

Redio aliinyanyua pasi. Kitambaa kilikuwa na alama nyeusi yenye umbo la pasi, na moshi ulikuwa unampita usoni. Hakusikia harufu. Alikileta kitambaa puani, akavuta pumzi kwa nguvu. Hakuna kitu. Akachukua chupa ya mafuta ya cherehani, mafuta ambayo siku zote harufu yake ilimfuata mpaka kitandani, akainusa. Ilikuwa kama kunusa maji.

Hapo maneno ya yule binti yakamrudia yote, neno kwa neno: wengine pua zao hufa. Alijua. Mtu asije akasema hakujua. Alijua pale pale, pasi bado iko mkononi.

Na pale pale mkono wa shangazi ukanyooka kutoka kwenye kiti, umeshika sindano na uzi.

"Mwanangu, nitungie."

Angeweza kusema, "Leo muombe mke wangu." Angeweza kusema, "Shangazi, siko sawa, kaa mbali nami." Maneno hayo ni mepesi, na yeye alikuwa mtu wa maneno. Lakini kibarazani walikaa wanaume sita wakisubiri mwisho wa hadithi, na shemeji yake alikuwa mbele kabisa, meno nje, tayari kucheka. Redio aliwatazama. Akasikia kichwani mwake jinsi watakavyomwimba: Redio kanasa! Vipi, fundi, umeshampima kiuno? Aliona jina lake likiburutwa mtaani kama gunia tupu. Akaona heri kitu kingine chochote kuliko hilo.

Akaupokea uzi. Akautia mdomoni, akaulowesha, akausokota, akautunga.

"Ahsante, baba," shangazi alisema. Akaibana sindano kwa midomo yake, mikono yote miwili ikaelekea kwenye kola ya shati.

Siku ile Redio alimtungia mpaka jioni.

Siku ya tano baada ya hapo shangazi hakuamka kuja kwenye kiti chake. Homa ilimpanda, na ile pumu ya siku zote ikageuka kitu kingine. Alivuta hewa kama mtu anayenyonya maji kupitia kitambaa kizito. Bibi afya alikuja na gari la wagonjwa. Kabla ya kumchukua, alitoa daftari akauliza swali analopaswa kuuliza kila nyumba.

"Humu ndani nani alikuwa anaumwa kabla yake?"

Mke wa Redio alimtazama mumewe. Redio alitazama vipande vya vitambaa sakafuni. Aliyejibu ni mgonjwa.

"Mimi nilikwenda gulioni," shangazi alisema, akivuta pumzi kati ya kila neno.

Bibi afya aliitazama miguu yake, miguu iliyokuwa haijavuka kizingiti kwa miaka miwili bila kubebwa. "Gulioni, bibi?"

"Jumamosi. Nilifuata vifungo."

Bibi afya alikaa kidogo na kalamu hewani, kisha akaandika. Redio alimwona akiandika, akauacha uongo huo uandikwe.

Hospitali haikuruhusu mtu kumwona mgonjwa. Muuguzi mmoja mwenye huruma ndiye aliyempigia Redio, akamshikia shangazi simu sikioni. Redio alikwenda kuongelea uani, nyuma ya tangi la maji, ili mke wake asimwone analia.

"Shangazi, ni mimi niliyekuletea."

Kwanza alisikia pumzi tu, ikienda na kurudi.

"Nilikusikia ukikohoa, baba," sauti ilisema mwishowe. "Nikasema moyoni, angekuwa mgonjwa angeniambia."

Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anaeleza tu jinsi alivyomwamini. Siku mbili baadaye shangazi alifariki. Alizikwa na watu wanane. Redio alisimama mbali nao, kando ya uzio, kwa sababu alikuwa hajamaliza siku zake za kutengwa, akatazama udongo ukimfunika mtu aliyemlea kama anatazama shughuli ya jirani.

Siku zake zilipotimia, alizifunga zile barakoa katika mfuko akaenda zahanati. Aliuweka mfuko mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu.

"Zichome moto," alimwambia bibi afya. "Zote nimekata nyuzi zake kwa meno. Na shangazi hakwenda gulioni."

"Najua hakwenda."

"Na nilikuwa najua kwamba ninaumwa. Wakati namtungia, nilikuwa najua."

Bibi afya aliinua macho. Hilo hakuwa analijua. Lilionekana usoni mwake. Aliufungua mfuko, akatoa barakoa moja, akaigeuza.

"Hizi sizichomi. Zitachemshwa kwa sabuni, zitavaliwa. Barakoa zinafulika, fundi. Uliyoyasema ukumbini hayafuliki."

"Nipe kile kipaza sauti unachotangazia chanjo mitaani," Redio akasema. "Jumamosi nakwenda gulioni."

Jumamosi hiyo gulio lilifurika kuliko siku zote. Redio alipanda juu ya kreti tupu karibu na wauza nyanya, akawasha kipaza sauti. Hakuwa na haja ya kuwaita watu, walijiita wenyewe.

"Redio imefunguliwa leo! Njooni, kuna taarifa ya habari!" mmoja alipiga kelele.

"Shangazi yangu amefariki," Redio alisema. "Nimemuua mimi."

Watu wakanyamaza, nyuso zimekaa tayari. Walimjua. Huanza na uso wa msiba, kisha huwaangusha kwa kicheko.

"Nimemuua kwa uzi."

Mwanamke mmoja akacheka, kisha wawili, kisha kundi zima. Kwa uzi! Huyu mtu ni balaa! Redio alingoja. Walipotulia kidogo, akasema, "Sitanii." Wakacheka zaidi, maana neno hilo lilikuwa lake, na kila alipolisema kichekesho kilikuwa nyuma yake. Alisimama pale juu machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na watu wakaonyeshana machozi hayo, wakasema leo kajiandaa kwelikweli. Yeye ndiye aliyewafundisha. Hakuwa na wa kumlaumu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Fundi viatu alijipenyeza mpaka mbele ya kreti. Alikuwa mmoja wa wale wanane makaburini.

"Shemeji," alisema, "harufu ilikuwa imekwisha kukupotea?"

"Ilikuwa imekwisha." Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na jibu likasikika mpaka kwa wauza mitumba.

"Ukajua kuwa ndio ugonjwa wenyewe?"

"Nikajua."

"Na ukamtungia?"

"Nikamtungia."

Kicheko kilikatika vipandevipande, hapa na pale, kama mvua inapoacha. Wengine walianza kuondoka wakiziba midomo kwa viganja. Wengine waligeukia nyanya zao wakaendelea kuchagua.

"Mimi nilikuwa nimekaa pale kibarazani," fundi viatu alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utanicheka."

Midomo ya fundi viatu ilicheza, kama anatafuta neno la kumkanushia, kisha uso ukamshuka.

"Ningekucheka," alisema. "Wallahi, shemeji, ningekucheka."

Akageuka, akapotea katikati ya watu. Redio alizima kipaza sauti, akabaki juu ya kreti, kila mtu anamwona na hakuna anayemtazama. Wahenga walilisema na hawakukosea: mdharau mwiba mguu huota tende.